Misalaba kwa Alfabeti

Mambo yaliharibika Jumatano, siku kumi na moja kabla ya Pasaka, saa nne kasorobo asubuhi. Fundi Viatu aliingia kwenye makaburi ya kanisa na ndoo yake ndogo ya maji, akapita bomba, akafuata ukuta kama alivyozoea, akafika mahali pa mke wake, na mke wake hakuwepo.

Hakuna aliyemwiba. Kilichokosekana ni kaburi lenyewe. Tuta la udongo alilolitunza kwa mikono yake kila Jumatano kwa miezi minane lilikuwa limetoweka. Jiwe aliloliweka miguuni pake halikuonekana. Matuta yote, ya watu wote, yalikuwa yamesawazishwa pakawa uwanja mmoja kama wa mpira, na juu ya uwanja ule misalaba ya mbao imesimamishwa katika mistari iliyonyooka, myeupe pe, inanuka rangi.

Alisimama pale na ndoo mkononi. Kwanza alidhani amekosea njia. Akarudi hadi bomba, akaanza upya. Akafika palepale. Basi akaanza kusoma misalaba mmoja mmoja, polepole, maana kusoma kwenyewe ni kwa kuokoteza herufi. Alikuja kuliona jina la mke wake mbele kabisa, karibu na lango, hatua themanini na kitu kutoka mahali alipomshusha. Kulia kwake kulikuwa na mtu aliyefariki Fundi akiwa bado anajifunza kutambaa. Kushoto kwake, mwingine wa zamani hizohizo.

"Umefuata nini huku, mama?" akaliuliza jina. Kisha akaona haya, akatazama nyuma kama kuna mtu aliyemsikia.

Maji hakuyamwaga popote. Aliondoka nayo.

* * *

Katibu wa kanisa alikuwa mwalimu mstaafu. Wapo watu wanaostaafu kazi, na wapo wanaoihamisha tu. Huyu aliihamishia ofisi ya kanisa pamoja na rula yake.

"Karibu, Fundi! Umepita makaburini? Umeiona kazi?"

"Nimeiona."

"Rangi imepakwa mara mbili. Siyo ile ya kukwanguka na mvua."

"Katibu, mke wangu mmemweka wapi?"

Katibu alifungua daftari, akapitisha kidole. "Mstari wa kwanza, wa tano kutoka kushoto."

"Mimi sikumzika pale. Nilimzika kule ukutani, karibu na bomba."

"Sikiliza sasa, Fundi, usiwe na haraka." Katibu aliweka kalamu chini, akakunja mikono kama yuko mbele ya darasa. "Kule nyuma ilikuwa vurugu tupu. Mtu anakuja kumtafuta ndugu yake, anazunguka nusu saa. Msalaba mmoja umeinama huku, mwingine kule. Sasa Askofu anakuja mwenyewe kuongoza ibada ya alfajiri ya Pasaka, palepale makaburini. Angetuonaje? Kamati ikakaa. Tukang'oa misalaba yote, tukaipaka rangi, tukaandika majina upya kutoka rejista, tukairudisha kwa alfabeti. Ukijua jina la mtu wako, umeshafika."

"Nimefika wapi?"

"Kwa mtu wako."

"Lakini chini ya jina hayupo! Jina liko langoni, yeye yuko ukutani!"

Katibu akalifunga daftari, akalifungua tena. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba wazo hilo, wazo dogo kiasi hicho, halikuwa limepita kichwani mwa mtu yeyote katika kamati ya watu tisa. Walikaa vikao vitatu. Walijadili aina ya rangi, wakajadili nani atanunua brashi. Kwamba kila msalaba ulikuwa na mtu wake chini, hilo halikuwa kwenye ajenda.

"Mlipong'oa, hamkuandika upi umetoka wapi?"

"Tuliilundika pale kwenye kibanda."

"Na matuta? Matuta nayo yalikosa nini?"

"Viti, Fundi. Turubai litafungwa pale. Kiti juu ya tuta kinayumba."

"Kwa hiyo mke wangu amesawazishwa ili watu wasiyumbe."

"Usiseme hivyo. Unaongea kwa uchungu."

"Ningeongea kwa nini kingine?" aliuliza Fundi Viatu.

* * *

Nyumbani, binti yake alikuwa amevua sare ya zahanati, ambako alifanya kazi ya kuandikisha wagonjwa, na alikuwa akipiga pasi ya kesho. Alimsikiliza baba yake mpaka mwisho bila kuinua macho.

"Wamekosea sana," alisema. "Lakini Baba, Mama hayupo pale. Pale kuna udongo. Roho yake iko kwa Mungu."

"Mimi sikuoa roho peke yake."

"Baba!"

"Kila Jumapili tunasimama kanisani tunasema tunasadiki ufufuo wa mwili. Sema kama sisemi kweli. Mwili! Ule uliokuwa na kovu la pasi hii hii unayoshika. Kama ni roho tu, kwa nini walitufanya tumlaze kichwa magharibi na miguu mashariki? Mchungaji mwenyewe alisimama na kusema, mgeuzeni, akiinuka aone jua linakochomoza. Tukamgeuza, na mvua inatunyeshea."

Binti aliweka pasi wima. Alikumbuka vizuri. Alikumbuka na viatu. Siku ile baba yake alitoka karakana na jozi ya ngozi ya kahawia, kisigino kifupi, uzi umepita mara mbili kuzunguka soli, akasema marehemu avishwe. Wazee walimwambia maiti haina safari. Akajibu kwamba inayo, tena ndefu, na mke wake hatainuka siku ile kubwa akaanza kutembea peku mbele za watu. Baadhi walicheka chini kwa chini, msibani hapo hapo. Akavishwa.

"Sawa," binti alisema kwa upole. "Ila tatizo letu sasa siyo Mama. Ni Bibi."

Fundi Viatu akaketi kitandani. Kwa hasira alikuwa amesahau.

Mama mkwe wake alikuwa anakuja Jumatano inayofuata, safari ya basi ya siku mbili, akiwa na jicho moja linaloona na jingine la kupapasa. Hakuwahi kulizika jeneza la mwanawe. Siku ile alikuwa hospitalini amefungwa bandeji machoni. Na mazungumzo ya mwisho kati yake na mwanawe yalikuwa ya simu, ya kugombana, kwa nini binti haendi kumuuguza. Mwisho mama akasema: "Basi jihesabu huna mama." Akakata. Siku ya sita binti aliyeambiwa hivyo akaanguka jikoni, hakuamka.

Bibi yule hakulia kwa simu alipopewa habari. Alisema tu kwamba macho yakifunguliwa atakuja kaburini aliondoe neno lake. Na wiki hii alikuwa amepiga tena: "Mkwe wangu, mwanangu amelala, na aliyelala husikia akisemeshwa karibu. Sitaki siku ya parapanda tuinuke sote tukutane hatusemezani. Nitakuja nisimame hapo alipo, nimwambie."

Hapo alipo.

* * *

Alhamisi Mchungaji alimkalisha Fundi kwenye benchi la nje tangu saa tatu hadi karibu saa sita. Wageni wa maandalizi waliingia na kutoka: watu wa turubai, watu wa spika, kina mama wa mapambo. Kila mlango ulipofunguliwa alisimama, na kila ulipofungwa aliketi.

Alipoitwa, Mchungaji alikuwa ameshapata habari zote kwa Katibu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, anayemwogopa Askofu kuliko anavyojua mwenyewe.

"Fundi, nimesikitika. Kweli kabisa. Lakini tuwe watu wa imani. Siku ile Bwana atakapoita, hatahitaji alfabeti wala ramani. Wako waliozama majini, wako walioungua moto. Wote atawaita."

"Najua Mungu hahitaji ramani, Mchungaji. Mimi ndiye ninayehitaji. Na mkwe wangu."

"Mtuombee tu, jambo hili tulitazame baada ya Pasaka."

"Mkwe wangu anafika Jumatano."

"Tutamwekea msalaba mzuri pale unapodhani."

"Mimi sidhani. Nataka kujua." Fundi alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili na anaizungusha. "Mchungaji, uliniambia juu ya shimo lile kwamba hatuziki, tunapanda. Ulisema mbegu. Mimi si mkulima, ni mtu wa viatu, lakini nikiletewa jozi hamsini naandika kwa chaki chini ya kila soli, huyu wa nani, yule wa nani. Ni viatu tu. Na wale wanawake wa alfajiri ile, mnaowahubiri kila mwaka, walikwenda moja kwa moja kwa sababu walikuwa wamepaona alipolazwa. Wangekuta kamati imepita na chokaa, wangekwenda wapi? Tungekuwa na Pasaka gani leo?"

Ilikuwa hoja ambayo chuoni hawakumfundisha Mchungaji jibu lake. Akatazama saa.

"Umesema neno zito. Nitalitafakari." Kisha akainama chini ya meza, akatoa mfuko wa plastiki. "Na kwa kuwa umekuja… hivi vyeusi kisigino kimoja kimeachia. Ni vya kumpokelea Askofu. Ukiweza kabla ya Jumamosi."

Fundi Viatu alitoka ofisini na viatu vya Mchungaji kwapani. Njia nzima alikuwa akijiuliza kwa nini alivipokea. Na bado jioni ile alikigonga kisigino kile misumari saba, akakipaka gundi, akakipiga msasa mpaka kikawa laini kama kipya, kwa sababu mkono wake haujui kufanya kazi mbovu hata kwa mtu aliyemkasirikia.

* * *

Ijumaa mvua ilinyesha kutwa. Jumamosi akamtafuta mchimba makaburi, akamkuta kwenye kiwanja cha mtu anachimba msingi, kichwa tu kinaonekana juu ya ardhi.

"Wewe ulimchimbia mke wangu. Mwezi wa nane, wiki ya mvua."

"Nakumbuka. Wiki ile nilichimba mawili, jirani kabisa. La mke wako na la Fundi Redio, yule aliyekuwa hataki kanisa. Mkewe alilia mpaka wakamkubalia."

"La mke wangu lilikuwa la kulia au la kushoto?"

"Kulia ukitokea wapi?"

"Ukitokea bombani!"

Mchimbaji akaegemea jembe, akafumba macho, akanyoosha mkono huu, akanyoosha ule. "Nilikuwa ndani ya shimo, mzee wangu. Mtu aliye ndani ya shimo kulia kwake ni ukuta na kushoto kwake ni ukuta."

"Urefu je? Fundi Redio alikuwa mrefu kama mlingoti."

"Mimi nachimba urefu mmoja kwa wote. Hajawahi kurudi mtu kulalamika."

Walikwenda pamoja. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano, Fundi alipata kitu cha kushika. Mvua ya Ijumaa ilikuwa imewaumbua wanakamati. Udongo wao wa kusawazisha ulikaa sawa juu ya makaburi ya zamani, lakini juu ya yale mapya ulididimia. Kando ya ukuta, karibu na bomba, palikuwa na mabonde mawili yenye urefu wa mtu, yametengana kwa hatua moja. Na kando ya bonde la kushoto alikuwa amepiga magoti mwanamke mnene wa makamo, kanga kichwani, anang'oa majani.

"Samahani, dada," Fundi alisema. "Huyo unayempalilia huenda ni mke wangu."

Mama Redio akageuka. "Mke wako? Huyu ni mume wangu!"

"Umejuaje?"

"Moyo umeniambia."

"Moyo wako ulipokuleta mara ya kwanza, ulikuleta hapa hapa?"

Mama Redio akatazama bonde la pili. Akaona aibu, ikafuatiwa na hasira, kisha yote mawili yakamshinda, akakaa chini. "Jumatano nililia pale langoni kwa saa nzima," alisema. "Juu ya msalaba wao. Nikamweleza mambo yote ya watoto. Sasa sijui nilikuwa namweleza nani."

"Mtu aliyefariki zamani. Labda alifurahi kupata habari."

Mama Redio akacheka kidogo, huku machozi yanamtoka. Kisha wakakaa wote watatu, wakajadili. Fundi alikuwa na neno moja tu: lifunguliwe moja. Moja tu, mpaka miguuni. "Nitamjua kwa viatu. Ile ni kazi yangu, naweza kuijua hata gizani kwa vidole."

"Wakikuta ni wa kwangu?"

"Basi tutakuwa tumejua wote wawili. Tufunike, tuwaombe radhi."

"Mimi sichimbi bila karatasi," mchimbaji alisema. "Kuzika ni kazi. Kufukua bila karatasi ni jela."

* * *

Karatasi ilikuwa ofisi ya afya ya mji, dirisha namba tatu. Jumatatu Fundi na binti yake walipanga foleni tangu asubuhi. Binti aliomba ruhusa kazini kwa sababu baba yake na fomu hawajawahi kuelewana. Karani alikuwa kijana mwenye tai, mchangamfu.

"Sababu ya kufungua kaburi?"

"Kumtambua marehemu," binti alisema.

"Marehemu hajulikani?"

"Anajulikana. Kaburi ndilo halijulikani."

"Sawa. Namba ya kaburi?"

"Ilikuwa imeandikwa kwenye msalaba. Wameipaka rangi."

"Basi kanisa litoe barua yenye namba."

"Kanisa namba wanazo kwenye rejista," binti alisema, "lakini hawajui namba ipi iko wapi. Ndiyo maana tunataka lifunguliwe."

Karani alifikiri kwa moyo safi kabisa. "Kwa hiyo mnataka kibali cha kufungua kaburi, ili mjue ni kaburi gani, mje muombe kibali cha kulifungua."

Watu wawili watatu kwenye foleni wakacheka. Fundi Viatu hakucheka. Aliinamia kidirisha. "Mwanangu, wewe una mama?"

"Ninaye, mzee."

"Unajua anakolala?"

"Nyumbani."

"Ukirudi leo jioni ukute wamehamisha milango yote ya mtaa kwa alfabeti, utafanya nini?"

Karani akaacha kutabasamu. "Mzee, mimi ningekusaidia. Lakini hiki kisanduku kikiwa tupu, juu hawasaini."

Juu ni wapi, hakuna aliyesema. Binti alikunja fomu ikiwa imejazwa kila mahali isipokuwa kisanduku kimoja. Ofisi ya kanisa nayo iliwaambia barua zote zitaandikwa baada ya sikukuu.

* * *

Mama mkwe alishuka kwenye basi Jumatano mchana akiwa na kifurushi kimoja na fimbo. Aliupapasa uso wa mjukuu wake kwa vidole, akautazama kwa jicho lake zima, akasema, "Pua ni yake." Kwa mkwewe alisema, "Umekonda, baba. Twende."

"Wapi, Mama?"

"Nilikokuja."

"Umechoka. Nguo zimejaa vumbi. Na pale… pale kuna mafundi wanafunga turubai."

"Nimekaa siku mbili, nikisimama nusu saa nitakufa?"

"Bibi," mjukuu akaingilia, "Jumapili ni Pasaka. Ibada itakuwa palepale makaburini, alfajiri. Askofu atakuwepo. Si bora siku hiyo?"

Bibi alitafakari, akaridhika. Alisema hata yeye angependa lile neno liondoke siku ya kufufuka. Akanywa chai yake, akalala na viatu.

Karakana ilikuwa chumba cha mbele. Fundi alijifungia humo na binti yake, wakasemezana kwa sauti ya chini.

"Nitamwonyesha bonde la kushoto," alisema.

"Kwa nini la kushoto?"

"Kwa sababu lazima moja."

"Na kama ni Fundi Redio? Bibi amwombe msamaha Fundi Redio?"

"Hatajua."

"Wewe utajua, Baba." Alimshika bega. "Mimi ndiye niliyekwambia Mama hayupo pale. Bado naamini hivyo. Lakini Bibi haamini hivyo, wala wewe. Ukimwonyesha hewa utakuwa umekubaliana na mimi, siyo na yeye."

Baba yake alichukua kiatu cha mtu, akaanza kufumua mshono uliokuwa mzima.

* * *

Jumapili waliondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, Bibi katikati, mjukuu huku, mkwe kule. Nguo ya Bibi ilikuwa nyeupe. Alikuwa akitamka kitu bila sauti, kama mtu anayerudia ujumbe aliotumwa asije akausahau.

Fundi alikuwa ameamua. La kushoto. Alishapanga hata namna ya kusimama, ili asimtazame usoni.

Wakaingia langoni, wakapita ile mistari myeupe, wakafika usawa wa bomba. Na pale Fundi akasimama ghafla hata Bibi akajikwaa. Kando ya ukuta, mahali pa mabonde mawili, palikuwa na jukwaa. Mbao zimepigwa misumari, zulia jekundu limetandikwa juu, na juu ya zulia kiti cha Askofu chenye mgongo mrefu. Chini ya mbao mchanga mpya ulikuwa umejazwa na kushindiliwa.

Katibu alikuwa akipita na kipaza sauti. Fundi akamdaka mkono.

"Mmefanya nini hapa?"

"Umeme unafika hapa tu, Fundi. Palikuwa na mashimo mawili, mguu wa jukwaa ulikuwa unazama. Tumeyaziba jana. Mpeleke mama akae, kuna viti vya wazee."

Mama Redio alikuwa tayari amekaa mstari wa pili, mikono mapajani, anatazama zulia.

"Ni hapa?" Bibi akauliza. "Mkwe wangu, mbona umesimama? Tumefika?"

Uongo alikuwa nao mdomoni, umeiva. Lakini uongo ule ulikuwa na mahali pake, na mahali pale palikuwa pamekaliwa.

"Mama," alisema, "sijui."

"Hujui nini?"

Akamweleza. Alimweleza akiwa amesimama, watu wanapita wakitafuta viti: rangi, matuta, alfabeti, viti vinavyoyumba, mchimbaji, dirisha namba tatu. Alimweleza na habari ya bonde la kushoto, jinsi alivyotaka kumdanganya. Bibi alisikiliza kichwa kimeinama. Mkwe alipomaliza, Bibi alitafuta kiti kwa fimbo, akaketi.

Ibada ikaanza. Askofu alikuwa na sauti nzuri, isiyohitaji spika, na spika zilikuwa nne. Aliposema "Bwana amefufuka!" watu waliitika mpaka ndege wakaruka ukutani. Alihubiri kwamba kaburi limeshindwa. Alihubiri kwamba sisi hatulii kama wasio na tumaini, kwamba wapendwa wetu waliolala hapa, akainyoosha mikono juu ya misalaba iliyopangwa, wanajulikana kila mmoja kwa jina. Jua likachomoza likampiga usoni, akapendeza. Mchungaji alisimama nyuma yake, viatu vinang'aa, na hakumtazama Fundi Viatu hata mara moja.

Fundi hakuitika. Si kwamba alikuwa ameacha kusadiki. Alikuwa anasadiki kila neno, na hicho ndicho kilichomchoma: alisadiki kuliko wale waliopanda jukwaani. Wao ufufuo kwao ulikuwa mahubiri. Kwake yeye ulikuwa jozi ya viatu vya kahawia, na walikuwa wamevikanyaga.

Baada ya baraka Askofu alishuka kusalimia wazee. Alipita mstari wa kwanza akishika mikono, Mchungaji kando yake, Katibu nyuma na daftari. Alipofika kwa Bibi, Bibi alikuwa amesimama tayari.

"Bwana amefufuka, Mama!"

"Amefufuka kweli." Hakuuachia mkono wake. "Baba Askofu, mimi nina mwanangu hapa."

"Amelala katika Bwana. Mtaonana asubuhi ile."

"Ndiyo. Ndiyo maana nimekuja. Nilimwambia neno baya, nikamkana. Nataka kuliondoa kabla hajaamshwa, nisije nikainuka naye akageuza uso. Nimesafiri siku mbili. Mkwe wangu hajui yuko wapi, na ni mtu mwaminifu, amekwama kwa mambo ya watu wengine. Kwa hiyo nakuuliza wewe, ndiwe mkubwa wao."

Askofu alimgeukia Mchungaji. Mchungaji alimgeukia Katibu. Katibu akafungua daftari, akapitisha kidole, akafika kwenye jina, akakiacha kidole pale pale.

Watu waliokuwa wakikunja viti waliacha kukunja. Mama Redio aliinuka, akaja akasimama karibu na kikongwe yule, bega kwa bega, kama kwamba swali lilikuwa la wote wawili.

"Sitaki maombi, baba, ya maombi ninayo," Bibi alisema, na jicho lake zima lilikuwa limetua juu ya lile zulia jekundu. "Nionyeshe mahali tu. Nisimame wapi?"